Redio Iko Hewani, Muziki Uko Wapi?

Panda matatu ya kwenda katikati ya Nairobi kutoka Githurai saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na huenda ukamkuta dereva amefungulia redio. Hewani watu wanabishana kuhusu mume anayeficha hati ya mshahara, msikilizaji amepiga simu kutoka Umoja akiwa na hasira zake, na abiria wawili wa kiti cha nyuma wanacheka kwa pamoja ingawa hawajuani. Panda gari lilelile jioni likirudi. Spika ni zilezile, sauti imepandishwa, ila redio imezimwa. Kinachopiga ni flashi iliyochomekwa kwenye dashibodi, yenye mixi ya DJ ya saa mbili isiyo na tangazo hata moja.

Tofauti hiyo ya asubuhi na jioni ndiyo habari yenyewe. Husemwa sana kwamba simu imeiua redio, lakini redio ya maneno bado ina watu wake: siasa, mpira, ndoa, mahubiri, habari kwa lugha za nyumbani. Inayokimbiwa ni redio ya muziki, ile iliyofunguliwa ili mtu asikie nyimbo. Simu ilifungua mlango. Waliosukumwa kuupita walisukumwa na jinsi stesheni inavyoigawanya saa yake, na hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa penseli.

Duka, jaji na baraza

Hadi katikati ya miaka ya 1990, mkazi wa Nairobi alikuwa na KBC, redio ya serikali iliyojulikana zamani kama Sauti ya Kenya, basi. Capital FM ikaanza mwaka 1996 kwenye 98.4, Kiss na Kameme zikafuata mwaka 2000, na kwa miaka kadhaa redio ikawa duka, jaji na baraza kwa wakati mmoja. Duka, kwa sababu wimbo mpya ulisikika hapo kwanza: vijana walikaa na kaseti tupu, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, wakimwombea mtangazaji anyamaze. Jaji, kwa sababu stesheni ikikupitisha ulikuwa umepita. Mwimbaji Nameless alianza kujulikana mwaka 1999 kupitia shindano la vipaji la Capital FM. Baraza, kwa sababu ya salamu. Msikilizaji wa KBC alinunua kadi, akaorodhesha ndugu na marafiki, akaituma, akangoja. Jina likisomwa, mtaa mzima ulijua. Wimbo uliofuata haukuwa na uzito kama majina yaliyoutangulia.

Duka limehamia kwenye simu. Boomplay, programu ya kusikilizia nyimbo, huja ndani ya simu za Tecno ukiitoa tu kwenye boksi, Mdundo ilianzia hapahapa Nairobi, Spotify ikaingia Kenya Februari 2021, na YouTube ilikuwapo kabla ya zote hizo. Baraza limebaki, ndilo lile la asubuhi kwenye matatu. Watangazaji Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i walipovuma kwenye stesheni ya Classic 105, waliowafungulia hawakuwa wakingoja nyimbo.

Kazi ya jaji ndiyo ambayo redio ingeweza kuishika hadi leo. Nyimbo zinazotoka kwa wiki moja ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzisikiliza, na mwenye shughuli zake anataka wa kumchagulia. Hapo ndipo stesheni nyingi zimelala.

Dakika 60 huenda wapi

Chukua mfano wa saa moja ya asubuhi kwenye stesheni inayojiita ya muziki. Habari, dakika 4. Hali ya barabara na ya hewa, 2. Matangazo ya biashara, 14, yamekatwa mafungu matatu. Mazungumzo ya studio na simu za wasikilizaji, 16. Bahati nasibu, 5. Vibwagizo vya kutaja jina la stesheni, 2. Jumla 43. Zimebaki 17, na kwa nyimbo za wastani wa dakika tatu na nusu hivi, hizo ni nyimbo tano.

Tano hizo nazo hazifiki nzima. Mtangazaji huzungumza juu ya mwanzo wa wimbo kwa sekunde 15, na mwishoni huukata nusu dakika kabla haujaisha ili akimbilie tangazo. Sekunde 45 mara tano ni karibu dakika nne. Muziki mtupu uliobaki ni dakika 13 katika 60. Saa nne asubuhi mambo hulegea na nyimbo hufika kumi au kumi na moja, lakini saa hizo msikilizaji ameshafika kazini na mwajiri ameshamzimia.

Kwa nini matangazo yarundikwe hivyo? Bei ya sekunde 30 huwa juu zaidi asubuhi na jioni, wakati barabara zimejaa, kwa hiyo kila mwenye bidhaa anataka hapo. Zamani msikilizaji alivumilia fungu la dakika nne na nusu kwa sababu njia mbadala ilikuwa kuzungusha kitufe hadi stesheni jirani, ambayo pengine nayo ilikuwa kwenye matangazo. Sasa anagusa kioo mara moja, Bluetooth inashika, na hakuna kinachomkumbusha kurudi. Stesheni haimpotezi kwa dakika nne. Inampoteza kwa safari nzima.

Bahati nasibu ni kero ya peke yake. Mtangazaji huacha alichokuwa akisema, anaanza kupaza sauti: tuma shilingi kadhaa kwa nambari fulani ya malipo, nampigia mshindi sasa hivi, pokea simu, pokea simu! Anayesikiliza muziki hukimbia hapo kuliko mahali pengine popote. Stesheni nazo zina sababu yake. Ankara ya mwenye tangazo la biashara huchukua miezi kulipwa, na madeni ya matangazo ya serikali vyombo vya habari vimeyalilia kwa miaka. Pesa ya bahati nasibu huingia siku hiyohiyo kwa M-Pesa. Ukubwa wa utegemezi huu ulionekana mwisho wa Aprili 2025, bodi ya kusimamia michezo ya kamari iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Kwa mhasibu wa redio, mwezi huo ulikuwa mrefu.

Kapu la nyimbo saba

Wengi hudhani mtangazaji ndiye anayechagua nyimbo. Kwenye stesheni kubwa, kazi hiyo hufanywa na programu ya kupanga muziki, mtu akiwa ameilisha makapu. Kapu la kwanza ni la nyimbo moto, la pili la nyimbo zinazopanda, la tatu zilizopoa juzi, la nne za zamani zinazopendwa. Kila saa ina mchoro wake: hapa chukua kapu la kwanza, hapa la nne, hapa tangazo.

Sasa tia kapu la kwanza nyimbo 7 na uamue zipigwe 3 kila saa. Kila wimbo utarudi baada ya saa mbili na dakika 20. Dereva wa teksi anayekaa barabarani saa kumi atausikia mara nne, wakati mwingine tano. Baada ya wiki mbili hata mwimbaji mwenyewe angeomba wapunguze.

Kanuni ya kurudia ilizaliwa Omaha, Marekani, mapema miaka ya 1950, kwa Todd Storz wa stesheni ya KOWH. Husimuliwa kwamba aliona wateja mkahawani wakichagua wimbo uleule kwenye mashine ya santuri kutwa nzima, na mhudumu, walipoondoka, akatoa sarafu zake mwenyewe akaupiga tena. Fundisho lake lilikuwa kwamba mtu hukaa na redio kwa muda mfupi, kwa hiyo kila anapoingia lazima akute wimbo anaoujua. Kwa mtu wa robo saa garini, hesabu hiyo haina kasoro. Kwa anayetoka Kitengela kupitia Mombasa Road, au Rongai kupitia Lang'ata Road, mvua ikiwa imenyesha, robo saa hajafika hata penye msongamano wenyewe. Atakaa saa mbili. Kanuni iliyobuniwa kwa mgeni wa kupita inamtesa aliyeketi.

Kuna kosa jingine ambalo wapangaji wazembe hulifanya. Weka nyimbo 6 badala ya 7. Tatu kila saa kwa saa 24 ni mipigo 72, na 72 ukigawanya kwa 6 hakubaki kitu. Maana yake ratiba hujifunga: wimbo uliopigwa saa moja na dakika kumi Jumatatu utapigwa saa moja na dakika kumi Jumanne, na Jumatano, na mtu anayeoga saa hiyo kila siku atadhani stesheni ina wimbo mmoja. Kwa 7 hubaki 2, kwa hiyo kila siku orodha husogea nafasi mbili. Mpangaji makini huchagua 7, 10 au 11, na huiamuru programu isimrudishe mwimbaji kabla ya dakika 90 wala wimbo kwenye saa uliopigwa jana. Shida ni kwamba maktaba ikiwa ndogo, masharti hayo hayatimiziki. Programu huacha pengo, mtu hulijaza kwa mkono, na mkono una nyimbo zake, pengine na marafiki zake.

Ongeza hapo kuchelewa. Gengetone, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi, ilipolipuka mwaka 2018, kundi la Ethic likiwa mbele, ililipuka kwenye YouTube na kwenye matatu. Redio ilifika baadaye, ikiwa na mkasi. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinazuia maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, kwa hiyo wimbo hupigwa ukiwa na matundu pale penye maneno. Kanuni ina sababu zake, watoto wamo ndani ya basi la shule. Lakini kijana anayeujua mstari wote haketi kusikiliza matundu.

Gari la Japani halisikii Nairobi yote

Jambo hili halitajwi mara nyingi katika mjadala huu, nalo limewatoa watu wengi kwenye redio bila wao kukusudia. Magari mengi ya Nairobi yametumika Japani kabla ya kuletwa, yakiwa hayajazidi miaka 8. Redio ya FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa kati ya 76 na 90 MHz, na kwa redio mpya zaidi imepanuliwa hadi 95. Yetu ni 87.5 hadi 108. Gari likishuka Mombasa na redio yake halisi, sehemu inayogusana na masafa yetu ni ule mkia wa 87.5 hadi 90, au hadi 95 kwa redio mpya. Utaipata Ghetto Radio kwenye 89.5. Capital kwenye 98.4 hutaipata hata ukikaa chini ya mlingoti.

Dawa ya mafundi wa Luthuli Avenue na Kirinyaga Road ni ekspanda, kijiboksi kinachotosha kiganjani. Huchomekwa kati ya waya wa antena na redio. Waya mwekundu huunganishwa kwenye umeme wa volti 12 unaowaka na swichi ya gari, mweusi kwenye chuma cha bodi. Mara nyingi mwekundu huungwa kwenye umeme wa kudumu kwa sababu ndio ulio karibu. Kifaa kinanyonya betri kidogokidogo usiku kucha. Mweusi ukilegea, unapata mvumo unaopanda kila ukikanyaga mafuta.

Soma namba iliyoandikwa juu yake. Ikisema 20 MHz, ina maana kila stesheni inashushwa kwa 20: 98.4 utaitafuta kwenye 78.4, Kiss ya 100.3 kwenye 80.3, Classic ya 105.2 kwenye 85.2. Na hapa ndipo mtego ulipo. Redio ya zamani kidogo ina nafasi ya MHz 14 tu, kutoka 76 hadi 90, kwa hiyo kwa ekspanda ya 20 unafungua dirisha la 96 kwenda juu. Idhaa ya Taifa ya KBC kwenye 92.9 ingeangukia 72.9, ambayo redio haina. BBC ya 93.9 nayo imekwenda. Ukichagua ya 10, unafungua 86 hadi 100 na unapoteza zote za juu. Kwa vyovyote, mwenye gari ananunua stesheni kadhaa kwa kuuza nyingine, na kifaa cha bei ya chini humwongezea mluzi na mikwaruzo.

Akichoka, hung'oa redio nzima na kuweka kioo cha Android. Sasa FM iko kamili, lakini kipokezi cha vioo vya bei nafuu ni hafifu, chaja ya USB iliyo karibu humwaga kelele kwenye masafa ya FM, na katikati ya mji mawimbi hugonga majengo na kufika mara mbili, sauti ikapasuka. Pembeni ya kitufe cha redio kuna kitufe cha YouTube, safi, bila mkwaruzo. Huyu msikilizaji hakuwahi kuamua kuiacha redio.

Kwenye simu hali ni hiyohiyo kwa njia nyingine. Kabambe, simu ndogo ya vitufe, bado ina FM na bado hupiga siku nzima kwa mama mboga. Lakini FM ya simu huhitaji antena, na antena yake ya kawaida ni waya wa kusikilizia. Urefu wa wimbi la 98.4 ni kama mita 3. Robo yake ni sentimita 76, na waya wa masikioni unatosha kwa hilo. Visikilizio vya Bluetooth havina waya, simu nyingi mpya hazina tundu la kuuchomeka, na iPhone haina programu ya FM kabisa.

Silaha ya mwisho ya FM ilikuwa kwamba haili bando. Piga hesabu. Kutiririsha muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban MB 43 kwa saa. Kilobiti 128, karibu MB 58. Kila siku, kwa saa mbili za barabarani, hiyo ni pesa. Ila nyimbo 100 za dakika tatu na nusu, zikipakuliwa mara moja kwa kilobiti 128 kwenye Wi-Fi ya kazini, ni MB 340 hivi, na baada ya hapo kusikiliza ni bure. Kinyozi wa mtaani amelijua hilo zamani. Flashi yake ya GB 8 haimalizi nyimbo hadi Krismasi.

Sauti yenyewe huchosha

Hili ni la mafundi, lakini masikio ya kila mtu hulijua. Kabla wimbo haujafika kwenye mtambo, hupita kwenye kifaa kinachoinua sehemu tulivu na kugandamiza zenye nguvu, ili stesheni isikike kubwa kuliko jirani yake kwenye kitufe. Mpaka wa mtambo wa FM umewekwa, huwezi kuuvuka, kwa hiyo ukubwa unapatikana kwa kubana. Kikizidishwa, gitaa la rumba halina tena mahali pa kupumulia: sebene inaingia na hujui kama imeingia, kwa sababu ubeti ulikuwa na kelele ileile. Sasa chukua faili lililovutwa kutoka YouTube, ambalo data yake tayari imepunguzwa, lihifadhi tena kama MP3, kisha lipitishe humo. Makosa ya kila hatua hukuzwa na inayofuata. Baada ya nusu saa mtu anazima bila kujua kwa nini.

Wanaobaki

Kuna vipindi vya muziki ambavyo watu huvisubiri. Jumamosi, Fred Obachi Machoka na Roga Roga ya Radio Citizen amekusanya wapenzi wa rumba kwa miaka mingi. Jumapili, reggae hutawala kwenye stesheni kadhaa, na kwenye mitaa mingi ya Eastlands huhitaji redio yako mwenyewe, ya jirani inatosha. Hivi vina mambo ambayo saa ya asubuhi haina: nyimbo hupigwa kwa wingi na kwa urefu, aliye kwenye maikrofoni anajua nani alipiga gitaa na bendi ilivunjika lini, na jina la msikilizaji bado linasomwa. Jaji yuko kazini na baraza limeketi.

Ukitaka kuipima stesheni yako, huhitaji kampuni ya utafiti. Chagua saa moja na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Chora safu tatu: muziki mtupu, muziki unaozungumziwa juu yake, na mengineyo yote. Andika kila wimbo na dakika ulipoanza. Rudia saa hiyohiyo siku tatu mfululizo, katikati ya wiki. Safu ya kwanza ikiwa chini ya dakika 20, hiyo ni redio ya maneno, na inaweza kuwa nzuri sana kwa kazi hiyo. Na ukikuta wimbo uleule dakika ileile siku zote tatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kapu lao lina nyimbo 6, au 8, au 9, na hakuna aliyelichungulia tangu lijazwe.